Ndege wa Hombolo: Wenyeji, Wageni na Mahasimu

Nchi ya Ugogo, iliyo katikati ya Tanzania juu ya uwanda upatao mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, husifika kwa ukame kuliko kwa jambo lingine lolote. Na mtu ambaye hakupata kuikaa hudhani kuwa mahali ambapo mvua ya mwaka mzima kwa wastani ni milimita 570 hivi, nayo karibu yote huanguka baina ya Desemba na Aprili, hapawezi kuwa na viumbe wengi wa kutazamwa isipokuwa mbuzi, ng'ombe na kunguru. Dhana hiyo ni batili, na dalili ya ubatili wake iko Hombolo, mwendo wa kilomita 40 hivi kaskazini-mashariki ya jiji la Dodoma, ambako mibuyu na migunga, mashamba ya mtama na uwele, mizabibu, majabali na bwawa kubwa la maji vimekaribiana kiasi ambacho mtu mzima wa miguu huweza kuvipitia vyote katika asubuhi moja, na katika kila kimoja akakuta kaumu ya ndege mbali na ile aliyoiacha nyuma yake.

Makusudio ya makala haya ni kuwajulisha wasomaji ndege hao, pamoja na wanyama wachache walio majirani zao. Walakini liko jambo jingine ninalolishikilia, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika nchi ya wakulima wa nafaka jina la ndege hutajwa mara nyingi kwa hasira, kwa kuwa wako ndege walao jasho la mtu mbele ya macho yake, na hasira hiyo ikishapanda haina tena subira ya kumpambanua mwizi na mpita njia. Twasema samaki mmoja akioza wote wameoza, nasi tumekaribia kuifanya methali hiyo kuwa sheria hata kwa viumbe wa angani. Mimi naamini kwamba ndege hawahukumiwi kwa jumla: kila jinsi ina kazi yake, msimu wake na hesabu yake ya hasara na faida, na mkulima asiyezijua hesabu hizo aghalabu humpiga rafiki yake na kumkosa hasimu wake.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyowakusanya wengi wao. Bwawa la Hombolo halikuwapo tangu azali. Lilijengwa mwaka 1957, zama za utawala wa Kiingereza, kwa kuuziba Mto Kinyasungwe Mdogo, mmoja wa mito ya msimu ambayo maji yake, yakipata nguvu ya kufika, hushuka hadi Mto Wami na kuishia katika Bahari ya Hindi. Kusudi lilikuwa kuwapa watu maji ya kumwagilia na kunyweshea mifugo, na baadaye uvuvi wa perege na kambare ukawa riziki ya familia nyingi za pwani ya bwawa hilo. Hapana aliyewakaribisha ndege, bali katika nchi ambayo miezi saba au minane hupita bila tone la mvua, maji yaliyotuama hayahitaji mpiga mbiu, na leo katika ukingo wake huonekana yangeyange weupe, makorongo wa kijivu wanaosimama kimya katika maji ya magoti, mabata wa porini wa namna mbili tatu, minandi weusi wanaopiga mbizi na kisha kuanika mbawa zao juu ya magogo, na kwazi, tai mwenye kichwa cheupe, ambaye ukelele wake wa asubuhi husikika mpaka ng'ambo ya pili.

Katika hao wote ningependa msomaji asimame kitambo mbele ya mmoja aliye mdogo kuliko wengine, yaani mdiria wa rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Ndege huyu huwinda kwa namna ambayo ndege wenziwe wengi hawaiwezi: hupanda juu ya maji, akasimama hewani mahali pamoja kwa kupiga mbawa upesi upesi, mdomo wake mrefu ukielekea chini, na akishamwona samaki hujiachia wima akazama na kuibuka naye, kisha huenda akatua juu ya tawi au mtumbwi, akampigiza samaki yule mara kadhaa hata atulie, ndipo ammeze akianzia kichwani ili mapezi yasimkwaruze koo. Dume hujulikana kwa mikanda miwili myeusi kifuani, na jike kwa mkanda mmoja ambao mara nyingi umekatika katikati. Huchimba shimo refu katika kingo za udongo, akaweka mayai ndani yake; na wataalamu waliowachungua katika maziwa ya Naivasha na Victoria walithibitisha kwamba jozi ya midiria mara nyingi husaidiwa kulisha makinda na madume wasio na wake, wengine wakiwa ni watoto wao wa mwaka uliotangulia na wengine wasiokuwa na nasaba nao kabisa, na kwamba pale ambapo samaki ni wa taabu kupatikana ndipo wasaidizi wa nje hukubaliwa zaidi.

Bwawa lenyewe, hata hivyo, lina maradhi yake. Kila masika mito huteremsha mchanga na tope kutoka katika vilima ambavyo miti imekatwa na mifugo imekanyaga, na tope hilo likiisha kuingia halina njia ya kutoka; kadhalika jua la Dodoma hunyonya maji mengi mara kadhaa kuliko yale yaletwayo na mvua, na kwa kuwa mvuke hupanda peke yake, chumvi hubaki nyuma. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa miguu myembamba wanaokimbia ukingoni wakidona, hulifurahia tope hilo, maana ndilo ghala la funza na wadudu wao. Bali kwazi, mnandi na mvuvi wa kibinadamu wote watatu wanahitaji kina cha maji na samaki wakubwa, na hatima yao imefungwa pamoja. Mtu akipanda miti na kuacha majani yaote katika ukingo wa mto ulio juu ya bwawa, amewatendea wema watu na ndege kwa jembe moja.

Vitwitwi niliowataja si wenyeji, na hapa ndipo habari ya Hombolo inapojiunga na habari ya dunia nzima. Wengi wao huzaliwa katika nchi za baridi za kaskazini, Ulaya na Siberia, na wakati nchi zile zinapoanza kuganda kwa barafu husafiri usiku na mchana wakishuka Afrika, wakafika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba na kuondoka Machi au Aprili. Pamoja nao huja mbayuwayu wa Ulaya, na korongo weupe wenye miguu na midomo myekundu. Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi wakati wa baridi, na wako wanazuoni waliofundisha kwamba mbayuwayu hujificha katika tope la chini ya maziwa. Lakini mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe mwenye mshale wa Kiafrika, urefu wake karibu sentimita 80, umepenya shingoni mwake, naye aliruka nao safari nzima ya kurudi. Korongo huyo amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mpiga mshale yule wa Afrika, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alikuwa bila kujua ameitatua mas'ala iliyowashinda wenye vitabu.

Yuko korongo mwingine ambaye mkulima wa Ugogo ana haki ya kumjua zaidi, kwa sababu huja na mvua. Ni mdogo kuliko yule mweupe, mgongo wake mweusi wenye kumeremeta na tumbo lake jeupe, na wataalamu humwita korongo wa Abdim, kwa kumkumbuka Abdim, gavana wa Dongola katika nchi ya Sudan, aliyemsaidia msafiri mmoja wa Kijerumani katika karne ya 19. Huzaa katika nchi zilizo kusini ya Sahara, kuanzia Senegal hata Ethiopia, na huko vijijini aghalabu hujenga tundu lake juu ya mapaa ya nyumba za watu wala hapana anayemgusa, maana huhesabiwa kuwa mleta mvua na baraka. Akimaliza kuzaa hushuka kusini kwa makundi makubwa, na katika uwanda wa katikati ya Tanzania huonekana wakati wa masika akitembea safu kwa safu katika malisho na mashamba yaliyolimwa, akiokota panzi, nzige na viwavijeshi. Mkulima ambaye shamba lake changa limewahi kuvamiwa na viwavijeshi, akaliona likibaki vijiti kwa siku chache, atafahamu thamani ya kundi la makorongo wenye njaa kuliko nitakavyoweza kuieleza kwa kalamu.

Vilevile katika miezi ya Novemba na Desemba, kumbikumbi wanapotoka ardhini baada ya mvua za kwanza, hupita angani kozi mdogo, uzito wake gramu 150 hivi, ambaye huzaliwa katika bonde la Mto Amur, mpakani mwa Urusi na China, na ambaye njiani huivuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi mpaka Afrika bila mahali pa kutua. Habari zake zina ibra kubwa. Huko Nagaland, jimbo la mashariki ya India, ndege hao hukusanyika kila mwaka karibu na bwawa la Doyang, nalo ni bwawa lililojengwa na watu kama hili letu. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wanavijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu na kuwauza kwa kitoweo. Wazee wa vijiji, makanisa na wahifadhi walikaa pamoja, wakawaeleza wavuvi ndege yule ni nani, atokako na aendako, na mwaka uliofuata mauaji yale yakakoma. Sheria ilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa maarifa.

Tukiyaacha maji na kuingia katika pori la migunga na mibuyu, twakutana na ndege ambao si wageni hata kidogo, bali Tanzania ndiyo nchi yao ya asili na hawakupewa nyingine. Wa kwanza ni kasuku mdogo wa kijani, mwenye kichwa cheusi, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho na kola ya manjano shingoni, ambaye huishi kwa makundi na kuzaa katika matundu ya miti. Kwa uzuri wake alikamatwa na kusafirishwa kwa miaka mingi, hata leo yumo katika vizimba vya nyumba za watu duniani kote, na waliotoroka vizimbani wameanzisha jamaa zao mpya katika miji ya pwani na Kenya. Walakini maskani yake ya asili ni uwanda huu wa katikati ya Tanzania. Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje mwaka 2016. Wa pili ni kwenzi wa rangi ya majivu, asiye na mng'aro wa kwenzi wenziwe, mwenye mkia mrefu, ambaye naye hapatikani ila katika bara la Tanzania na mipaka yake ya karibu sana. Mtu hupita chini yake bila kuinua kichwa, ilhali wako wageni wanaovuka bahari ili wamwone yeye.

Wa kutazamwa kwa taadhima zaidi ni kwembe, yule wa jamaa ya hondohondo mwenye mdomo mwekundu uliopinda. Jike lake, akitaka kutaga, huingia katika tundu la mti, mara nyingi mti mkongwe, na humo hujifungia kwa kuziba mlango kwa udongo na kinyesi, akaacha ufa mwembamba tu unaotosha ncha ya mdomo. Hukaa kifungoni wiki nyingi, akiyapukutisha manyoya yake makubwa na kuotesha mapya, wala hana cha kula ila kile ambacho dume humletea na kumpitishia katika ufa ule: panzi, mende wa porini, matunda na mbegu. Nyoka na kicheche huzunguka nje wasipate pa kuingilia. Lakini dume akiuawa na mtoto mwenye manati, jike na makinda hawana tena mchumi. Na mti mkongwe ukikatwa kwa mkaa, mwaka unaofuata jozi nyingine haina pa kujifungia.

Mibuyu yenyewe ina mkataba na viumbe wa usiku. Ua la mbuyu, jeupe na kubwa, hufunguka jioni, na kabla ya siku ya pili kwisha limekwisha nyauka na kudondoka; usiku huo mmoja ndio popo walao matunda hulijia kwa ajili ya asali yake, na vifua vyao vikipakwa chavua huipeleka katika ua la mbuyu mwingine. Mtu anayekoroga ubuyu katika uji, au kuuza mbegu zake barabarani, anakula kazi ya popo ambaye huenda jana alimfukuza kwa ufagio.

Sasa twafika kwa hasimu, naye hana budi kutajwa kwa jina lake: kwelea. Ni ndege mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo mwekundu mnene, uzito wake hauzidi sana gramu 20, na mmoja peke yake hana tofauti na shomoro. Ubaya wake uko katika wingi. Wataalamu humhesabu kuwa ndiye ndege wa porini aliye mwingi kuliko wote duniani, na wako wanaokadiria kwamba baada ya msimu wa kuzaa jumla yake katika Afrika hufikia bilioni 1.5. Kila mmoja hula karibu gramu 10 za mbegu kwa siku. Kwa hiyo kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea si kundi la kushangaza, laweza kuondoa tani 10 baina ya macheo na machweo. Kundi hilo likiruka juu ya mashamba, walio nyuma wakiwapita walio mbele bila kukoma ili wafikie masuke yasiyoguswa, huonekana kwa mbali kama moshi unaobiringika juu ya ardhi, na sauti ya mbawa husikika kabla macho hayajamtambua ndege hata mmoja.

Ni haki, hata hivyo, tuseme kwamba kwelea hakuumbwa kwa ajili ya mtama wetu. Chakula chake cha asili ni mbegu za nyasi za porini, na safari zake zote zimepangwa na mvua. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zilizolala ardhini huchipua, na kwa siku chache ghala la kwelea huwa tupu. Hapo huruka mbali, akavuka mbele ya mvua mpaka mahali ambapo zilikwisha kunyesha wiki nyingi zilizopita na nyasi zimekwisha zaa. Akipata pori la miiba lenye nyasi mbichi na wadudu, hukaa akazaa kwa haraka ya ajabu: madume husuka viota kwa siku chache, majike hutaga mayai matatu hivi, yakaanguliwa baada ya siku kumi hata kumi na mbili, na kabla miezi miwili haijatimia kizazi kizima kimekwisha ruka. Mti mmoja wa miiba hubeba viota mamia. Hata hivyo pale ambapo malisho ya porini yamelimwa, na punje za uwele zimekomaa wakati zile za nyasi zimekwisha, kwelea hafanyi ila lile ambalo njaa humwamuru, na anayelipa gharama ni mkulima.

Gharama hiyo twapaswa kuitazama kwa karibu. Shamba la uwele likianza kutia maziwa, familia huhamia shambani kuamia ndege. Hujengwa dungu la miti, juu yake akawekwa mtoto au mwanamke, mwenye kombeo na rundo la udongo mkavu, na kamba zilizofungwa madebe na makopo hupitishwa shambani ili zikivutwa zipige kelele. Kuanzia kabla ya jua kuchomoza hadi liingie, mlinzi hana ruhusa ya kuketi kwa raha, kwa kuwa kwelea hushuka hasa asubuhi na alasiri, na kundi lililofukuzwa upande huu hutua upande ule. Kazi hiyo huendelea wiki baada ya wiki mpaka mavuno yaingie, na watoto wengi huikosa shule kwa ajili yake. Mtu asikilizaye hotuba juu ya uzuri wa ndege, naye ametoka katika dungu koo limemkauka kwa kupiga kelele, ana haki ya kuuliza: na mimi nani atanihifadhi?

Jawabu la serikali za nchi zetu kwa miaka mingi limekuwa ndege ya kunyunyizia sumu. Shirika la Kupambana na Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, limekuwa na sehemu katika kazi hiyo, na hapa nchini jukumu hilo sasa liko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa mwaka 2020. Wakati wa machweo, kwelea wanapokusanyika kulala au wakiwa katika viota, hunyunyiziwa dawa iitwayo fenthioni, na kwa saa chache hufa kwa mamilioni. Simlaumu anayeiagiza ndege hiyo wakati wilaya nzima i katika hatari ya njaa. Ila sumu haina macho. Tai, vipanga na bundi, ambao walikuja mahali pale kuwala kwelea, huwala waliokwisha kufa na kufuatana nao. Wadudu na ndege wengine waliolala katika miti ileile hawasamehewi. Na wanadamu wanaokwenda kuokota maiti za kwelea kwa kitoweo hujitia wenyewe katika hatari. Kwelea, aliye mwepesi wa kuzaa, baada ya miaka michache hurudi katika idadi yake, bali tai, anayelea kinda moja tu kwa mwaka, hana wepesi huo.

Kwa bahati njema mkoa huu huu wa Dodoma una somo lake jingine. Katika wilaya ya Kondoa watu wamewategea kwelea tangu zamani kwa mitego ya kusukwa na kwa nyavu, wakawala na kuwauza wamekaangwa, na wataalamu waliokuja kujifunza kwao waliona kwamba yule asiyenaswa kwa makusudi aweza kuachiliwa hai, jambo lisilowezekana kwa sumu. Mtego hauwezi kumaliza mamilioni, lakini hupunguza kundi la karibu, huipa jamaa nyama isiyo na dawa, na hugeuza sehemu ya hasara kuwa kipato. Upande wa mbegu nao una hikima yake: Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Hombolo, ambacho leo ki chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimejulikana nchini kwa kazi ya mtama na uwele, na ilimu ya mazao hayo imekwisha tufundisha kwamba mtama wenye ukakasi ndege huuacha mwisho, na uwele wenye nywele ndefu katika suke huwataabisha, ingawa mlaji wa ugali hupenda zaidi punje nyeupe na tamu, na hapo mkulima hulazimika kupima. Lililo rahisi kuliko yote ni majirani kupanda kwa wakati mmoja na kuvuna bila kuchelewa, kwa sababu shamba lililokomaa peke yake, kabla ya mengine au baada yake, ndilo hubeba mzigo wa kundi zima.

Wako waliojaribu njia ya kuhukumu kwa jumla, na matokeo yake yameandikwa katika tarikhi. Mwaka 1958 serikali ya China iliwaamuru watu wake wamwue shomoro kwa kuwa alikula nafaka. Raia wakapiga ngoma na masufuria mchana kutwa hata ndege wakaanguka kwa kuchoka, viota vikabomolewa na mayai yakavunjwa. Kisha wadudu, ambao shomoro alikuwa akiwalisha makinda yake, wakaongezeka mashambani, na katika miaka ya njaa kubwa iliyofuata hasara hiyo ikajumlishwa na makosa mengine mengi. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika orodha ya maadui, na mahali pake akawekwa kunguni.

Kwetu shomoro huyo yuko, naye ni bundi. Katika vijiji vingi sauti yake juu ya paa huhesabiwa kuwa ni mbiu ya mauti, na anayempiga jiwe hudhani ameilinda nyumba yake. Lakini chini ya mti au dari alalapo bundi huwa pana vidonge vya rangi ya kijivu, virefu kiasi cha kidole gumba, navyo ni mabaki ya chakula yasiyosagika ambayo huyatapika kila siku. Mtoto akikichukua kidonge kimoja, akakilowesha na kukichambua kwa mwiba, atatoa humo manyoya, mifupa myembamba na mafuvu yenye meno marefu ya mbele, nayo ni mafuvu ya panya shamba. Panya huyo, ambaye jike lake huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa uzazi mmoja, hufukua mbegu zilizopandwa na huingia ghalani baada ya mavuno. Na jozi ya bundi inayolea makinda humwinda usiku kucha bila ujira. Ushahidi wa kumwachilia mtuhumiwa huyu umelala chini ya mti wake, na kila mwenye macho aweza kuusoma.

Na yuko ndege mmoja ambaye urafiki wake na mwanadamu ni wa kale kuliko kilimo chenyewe, yaani mlembe. Akiona mtu porini humjia kwa kelele za kumwita, huruka mti hadi mti akimngoja, mpaka amfikishe penye mzinga wa nyuki. Mtu hutoa moshi na shoka, akachukua asali, na mlembe hubakiwa na nta na majana. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya mkoa wa Singida, humwita kwa mluzi maalumu, na utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wakifuatana naye huipata mizinga kwa zaidi ya mara tano kuliko wakiwa peke yao. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 ulithibitisha kwamba mlembe wa Tanzania huitika zaidi mluzi wa Wahadzabe, na mlembe wa Msumbiji huitika zaidi sauti ya Wayao, yaani kila mmoja amejifunza lugha ya watu wa nchi yake. Ikiwa ndege amefanya taabu ya kujifunza sauti yetu, si jambo kubwa nasi tukijifunza jina lake.

Alhasili, ninalolitaka kwa Hombolo si kwamba mkulima amsamehe kwelea, wala kwamba bwawa lizungushiwe ua na watu wafukuzwe. Nataka hukumu itanguliwe na ushahidi. Kabla sumu haijamwagwa, na pachunguzwe ni ndege gani wengine wanaolala mahali pale, na mtego ujaribiwe kwanza palipo na nafasi. Wanaokwenda kuokota maiti waonywe kwa lugha wanayoifahamu. Ukingo wa mto na wa bwawa uachiwe majani na miti yake. Na miti mikongwe yenye matundu ihesabiwe kuwa mali ya kijiji. Shule za Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu zina kila kitabu kinachohitajika kikiwa nje ya dirisha, na hao watoto wa dungu, ambao kwa wiki nyingi hawana kazi ila kutazama mbingu, wanajua tayari saa ambayo kwelea hushuka, upande wanaotokea makorongo, na mti wanaolala kanga. Wapewe daftari pamoja na kombeo, waandike wanayoyaona kwa tarehe, na baada ya miaka michache kijiji kitakuwa na kalenda yake ya ndege, ya kumwonyesha mtafiti, bwana shamba na rubani. Asiyekujua hakuthamini, walisema wahenga. Na katika nchi yenye mvua chache na midomo mingi, kuthamini kwa ilimu ni sehemu ya kilimo sawasawa na kupalilia.